Vernon Oatley Haishi Huku

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimenyang'anywa njia yangu ya barua. Miaka ishirini na sita ya kupeleka barua!

Barua zote zilishapangwa kwenye trei, injini inanguruma, ndipo Lowell akanigongea kioo. Lowell ni mkuu wetu wa posta, na hawezi kutoa habari mbaya bila kuishika tai yake. Leo aliishika kwa mikono miwili. Kila Machi hukagua leseni zetu za udereva. Yangu imesimamishwa tangu Januari! Kosa: sikufika mahakamani kujibu tiketi ya trafiki.

Nikamwambia mahakama haikunitumia barua. Akasema wao wanadai wametuma mbili. Nikacheka. Hivi barua za nyumbani kwangu analeta nani? Mimi!

Tiketi naikumbuka vizuri. Oktoba, darajani Cotter, upepo unakata masikio. Askari mpya wa kaunti, Prentiss, kaletwa kutoka mjini. Akachungulia kiti cha kushoto penye usukani, hakuna mtu. Akauliza, nani anaendesha gari hili? Nikamwambia mimi, tangu hujaacha kunyonya. Wapeleka barua wote wa vijijini tunakaa kulia, upande wa masanduku ya barua yaliyo kando ya barabara, mkono na mguu wa kushoto ndio unaoendesha. Ukikaa hivyo mkanda haufungiki. Sheria ya jimbo inaturuhusu, mradi tuna barua garini. Akasema hayo utamweleza hakimu, utaletewa barua ya tarehe. Akaandika "uendeshaji wa hatari". Mimi!

Karatasi yake niliwashia jiko. Sijuti. (Najuta kidogo.)

Lowell kanipa mpaka tarehe 18. Nisipokuwa na leseni siku hiyo, njia inapewa mtu mwingine, moja kwa moja.

Jumanne, 5 Machi

Dewey kanipeleka mahakamani. Kuendeshwa na mume wangu — adhabu tosha. Anasimama kwenye kila njia panda kama anayengoja kubatizwa.

Karani ni Darla Hochstetter. Tuliimba kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mimi nikimfunika. Akaandika Verlene Oakley kwenye kompyuta. Hakuna. Akaandika Oakley peke yake. Wakaja binamu watatu wa Dewey, wote wezi wa samaki.

"Huna kesi hapa, Verlene. Safi kabisa."

"Basi nirudishieni leseni."

"Leseni ni ya jimbo, mpenzi. Jimbo linataka barua yetu kwamba kesi imekwisha."

"Kesi gani?"

"Ndiyo hiyo. Hakuna kesi, siwezi kuandika kwamba imekwisha."

Nikamwambia atafute kwa namba ya leseni. Kompyuta yao inatafuta kwa jina tu. Nikapiga simu jimboni. Dakika arobaini za muziki, kisha kijana mmoja akasema kesi iko kwenye kaunti yenu, waulize kaunti. Nikamwambia nimekaa mbele ya kaunti sasa hivi, inakula sandwichi.

Darla alicheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 6 Machi

Matope. Theluji inayeyuka. Aliyeshika njia yangu kaweka dawa za moyo za Bi Ostrander kwenye sanduku la mfuga nguruwe. Dewey kazipeleka mwenyewe. Bi Ostrander ana miaka themanini na minane, anaishi mwisho wa barabara, na kila siku namgongea mlango hata kama hana barua. Kamuuliza Dewey kama nimekufa.

Bado!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipata! Mungu wangu, nimeipata, na afadhali nisingeipata.

Usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri, nikawaza: kama mahakama ilituma na mimi sikupata, basi barua zilirudi. Asubuhi nikamwuliza Darla, barua zinazowarudia mnaweka wapi? Akavuta droo ya chini. Imejaa. Hakuna aliyeigusa tangu mwaka jana. Tukakaa sakafuni kama wasichana, tukazimwaga.

Bahasha mbili, za Novemba na Desemba. "Bw. Vernon Oatley, Njia ya Pili, Sanduku 41."

Prentiss na mwandiko wake! Verlene Oakley akawa Vernon Oatley. Kaniongezea na ndevu. Namba ya leseni aliinakili sawasawa, ndiyo maana jimbo likanikamata mimi, wakati kitabu cha kaunti kinamtafuta mwanamume asiyezaliwa.

Lakini si hilo. Kwenye bahasha zote mbili, kwa kalamu nyekundu: "Rudisha. Haishi huku. Namjua kila mtu. — V.O."

Mwandiko wangu.

Darla akaniangalia. Nikaangalia bomba la joto ukutani. Mimi niliyewahi kufikisha barua iliyoandikwa "Kwa yule mama wa mayai, ukipita ghala la ngano"! Nimeurudisha wito wangu mwenyewe, mara mbili, na sahihi nimetia.

Darla akasema kwa upole kuna njia rahisi. Nilipe faini leo kwa jina hilohilo, kesi ifungwe, kesho niko barabarani. Nikamwuliza, nikilipa, si nimekiri? Ndiyo, umekiri. Na mpeleka barua mwenye kosa la uendeshaji wa hatari, posta inamfanya nini? Darla akaanza kurudisha bahasha kwenye droo. Jibu nalijua. Inamtoa njiani.

Silipi. Kwanza sikukosa. Pili, siwezi kulipa deni la Vernon. Hakimu anasikiliza kesi za trafiki Jumanne ya pili ya mwezi. Jumanne hii. Nitakuwepo!

Ijumaa, 8 Machi

Karamu ya samaki ya Kwaresima kwenye ukumbi wa zimamoto. Darla hawezi kufunga mdomo — ukumbi mzima unajua. Nimeingia tu:

"Bwana Vernon! Karibu samaki!"

"Vernon, mkeo hajambo?"

"Muulizeni Dewey," nikasema. "Ndiye mke."

Dewey akala kichwa chini. Nyumbani anasema lipa tu, Verlene, tumalize, unapigana na ukuta. Nikamwambia ukuta wenyewe umeandikwa jina la mtu mwingine.

Prentiss alikuwa kwenye foleni, sahani mkononi, masikio yamemwiva kwa aibu. Kaja mwenyewe. Kasema, mama, samahani kwa jina, kulikuwa na baridi, nilivaa glavu.

"Na mimi nilivaa glavu, mwanangu. Lakini kadi ya mama yako ya Krismasi ilikufikia."

Akanipa kipande chake cha pai ya tufaha. Nimekila. Simsamehe.

Jumapili, 10 Machi

Hakuna anayesoma hapa ila mimi, basi niandike.

Barua ya kwanza, Novemba, sikujua. Naapa. Asubuhi ya theluji, barua mia nne, jina la mgeni, kalamu nyekundu, basi.

Ya pili naikumbuka. Niliishika mkononi. Sanduku 41 lilikuwa letu, kabla kaunti haijabadilisha namba zote, na leseni yangu bado ina namba hiyo. Nililiona jina, nikaliona na sanduku. Muhuri wa mahakama pembeni. Nikasimama hapo kidogo, gari linatetemeka. Kisha nikajiambia: si jina langu. Kweli si jina langu! Nikaandika "Haishi huku", na nikaongeza "Namjua kila mtu", kwa herufi kubwa kuliko za ile ya kwanza.

Sikuandika uongo. Hakuna neno la uongo pale.

Basi kwa nini nimengoja Dewey alale ndipo niandike haya?

Jumatatu, 11 Machi

Nimenakili kifungu cha sheria ya mkanda kwa mkono wangu, mwandiko unaosomeka. Bi Ostrander kapiga simu. Aliyeshika njia yangu anaweka barua na kuondoka, hata honi hapigi. Anasema jana aliongea na redio.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwenye benchi la nje ya chumba cha mahakama. Dakika kumi nilizopewa.

Jana jioni Darla alinionya. Hakimu peke yake ndiye anayeweza kusahihisha jina, na kesi iko chini ya Vernon. Wakiita Vernon Oatley, simama useme nipo, halafu ueleze. Nikamwambia nikisema nipo, nimekubali kuwa yeye. Akasema usiposema, umekosa kufika tena, na leseni ndiyo basi.

Chumba kimejaa. Askari wa mlangoni akaita: "Vernon Oatley!"

Mtu nyuma akacheka.

"Vernon Oatley!"

Dewey akanisukuma kwa kiwiko. Simama, Verlene, kwa ajili ya Mungu. Wanaita mara tatu tu.

"Vernon Oatley, mara ya mwisho!"

Nikasimama.

"Haishi huku," nikasema. "Namjua kila mtu."

Wakacheka mpaka askari akagonga meza. Hakimu Maddox hakucheka. Katalogi zake za mbegu na barua za binti yake nimempelekea miaka yote hii. Akaniambia nisogee. Nikampa karatasi ya sheria. Akaisoma yote, kisha akamwuliza Prentiss kama siku ile nilikuwa na barua garini. Prentiss akasema ndiyo, mheshimiwa, mpaka kwenye dashibodi. Hakimu akasema basi, shtaka la uendeshaji limekufa.

Hivi hivi! Limekufa! Dewey akashika kofia yake kama anayetaka kuirusha.

"Linabaki la kutofika mahakamani," Hakimu akasema.

Akanyanyua zile bahasha mbili. Akazisoma polepole, mbele ya watu wote. Akauliza mwandiko wa nani. Wangu, nikasema. Akaishika ile ya Desemba.

"Bi Oakley, ulipoandika hii ya pili, ulijua ni wewe? Usijibu sasa. Nasahihisha jina kwanza, uape, ndipo ujibu. Dakika kumi."

Dewey anasema, sema hapana. Neno moja tu, Verlene, na kesho uko barabarani; ukisema ndiyo, njia imekwenda. Nani atajua? Darla kapita na mafaili, kanibana bega.

Nani atajua. Miaka ishirini na sita sijapeleka barua moja kwa mtu asiye wake. Hilo ndilo nililotaka kumwambia Hakimu, nimelikariri tangu Jumapili, lakini ile ya Desemba ilikuwa yangu, na niliirudisha.

Dewey ananiambia nifunge daftari.

Mlango umefunguka. Askari ana karatasi mpya mkononi, anaisoma kwa makini, herufi kwa herufi, asikosee.

"Verlene Oakley!"

Safari hii wamepatia.