Kitabu Chini ya Mguu wa Meza

Mama Nzula,

Nimeenda Kajiado kumwona fundi wa pampu, nitarudi jioni. Maji yakifunguliwa, jaza mitungi yote. Githeri iko tayari.

Asubuhi ukiwa sokoni, jirani yetu Mzee Lesiamon amerudisha kile kitabu nilimpa Krismasi, cha watu kugandishwa wakifa, wangoje madaktari wa miaka ijayo wawaamshe. Kati ya wote niliowapa, ni yeye tu amekimaliza. Chako ulikitia chini ya mguu wa meza hii.

Akaniuliza, "Nikiamka baada ya miaka mia mbili, ni mtoto wa nani ataniinamishia kichwa nimguse, tusalimiane?"

Nilikichukua kitabu, nikaingia ndani.

~~Hicho alichorudisha mpelekee pasta.~~ Hapana, kiache. Nimechoka kugawa. Kumbe miaka hii yote nilikuwa natafuta mtu wa kuamka naye. Majirani niliwaeleza mpaka wakachoka. Wewe nilikuwekea tu kitabu kwa meza, bila neno.

Nimekitoa chako pale chini na kukipanguza, kwa hivyo usiegemee meza, inatingika. Kisome. Ukikataa bado kugandishwa nami, nizikeni tu kama watu wengine, lakini kando ya pale utakapolala wewe.

Baba Nzula