Nimezuiwa Kupanda Ndege kwa Sababu ya Maombi ya Mama Jeconia

Mama Ciru, salamu nyingi, na unisamehe mapema maana naandika nikiwa na hasira na sijui kama maneno yatapangika. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi ndiyo nimeambiwa nisafiri tena na mimi sitaki, au labda nataka, hata sijui tena ninachotaka, najua tu kwamba kila mtu katika habari hii amenikosea na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninajisikiaje.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kimumu, nashona sare za shule na nguo za harusi. Mume wangu Javan alienda Kanada mwaka jana kufanya kazi ya kutunza wazee, na nilipompigia kumwambia nina mimba hakusema pole wala hongera, alisema, "Huyo lazima azaliwe huku," basi, na tangu siku hiyo tukipigiana simu ni viza, viza, viza, kwa sababu mtoto akizaliwa kule atapata paspoti ya kule na Javan anasema hiyo ndiyo njia yetu sote ya kutoka. Lakini viza ya kutembea ilichelewa, Mama Ciru, ilichelewa mpaka nikadhani Mungu ameamua mwenyewe, halafu ikatoka nikiwa nimeingia mwezi wa nane.

Shirika la ndege linataka barua ya daktari mimba ikiwa kubwa. Nesi wa kliniki yangu alikataa kuandika, akaniambia, "Ayoo, ile ya kwanza ilikuja kabla ya wakati, mimi siandiki kitu," na ni kweli, kijana wangu Okeyo alizaliwa mapema akakaa kwenye mashine. Nilipomwambia Javan alikasirika akasema manesi wa huku wanapenda kutisha watu, akampigia rafiki yake mwenye kliniki huko Turbo, na huyo rafiki ambaye hajawahi hata kuniona akaandika kwamba mimba yangu ni ya miezi sita na niko sawa kusafiri. Bima ya safari Javan alijaza mwenyewe kwa simu, na pale wanapouliza kama msafiri ni mjamzito akajibu hapana, eti ukisema ndiyo wanaanza maswali mengi.

Sasa sikia kilichotokea. Unajua vile sisi husindikiza mtu anayeenda ng'ambo. Wamama wa kanisa walivaa sare, wakakodi gari, wakabeba ngoma na chapati, tukaimba kutoka Kimumu mpaka uwanja wa ndege wa Eldoret, na majirani wote wakatoka kwa geti kunipungia mkono. Nikafika kaunta, msichana wa pale anasoma barua, kila kitu kinaenda vizuri, na nyuma yangu Mama Jeconia, mwenyekiti wa wamama, akasema tuiname tuombe. Huyo mama hana sauti ndogo. Akaomba, "Baba, hii mtoto yetu iko miezi nane sasa, na ile ya kwanza unajua ilikuja mbio mbio kabla ya saa, tunaomba hii uishikilie huko ndani mpaka ndege ikanyage chini!" Na wamama wote wakaitika, "Amina!"

Yule msichana akaweka barua chini. Akaniuliza, "Mama, ni miezi ngapi?" Na kanisa lote liko nyuma yangu na macho yamefungwa, ningedanganyaje? Akaita mkubwa wake, wakasema hawawezi kunipeleka hata Nairobi mpaka nipimwe na daktari upya. Tulirudi na lile lile gari, ngoma imenyamaza, na majirani wale wale wakatoka kwa geti. Mama Ciru, sijatoka nje tangu siku hiyo. Mama Jeconia ananiletea uji kila asubuhi na mimi siunywi, siongei naye, kwa sababu angeweza kuomba kimoyomoyo kama watu wengine!

Javan naye amenigeukia. Anasema mimi ndiye nilimtuma huyo mama. Alinipigia akapiga kelele, "Mumeniaibisha mpaka huku, ninyi watu wa ushamba! Sasa utaenda Nairobi kwa barabara, upandie huko, mahali hakuna mtu wa kukuombea." Rafiki yake wa Turbo anaandika barua nyingine. Na kwa sababu mimi ni fundi, nimeambiwa nijishonee dera pana na koti la juu ili tumbo lisionekane. Nimeanza kushona, ingawa inanishinda kidogo, kichwa kinaniuma tangu juzi na hakisikii dawa, nikiinama kwa cherehani naona kama vinyota, na miguu imefura mpaka ninavaa malapa ya Javan, lakini hiyo najua ni hasira na kukosa usingizi.

Kitu kingine, nilisoma ile karatasi ya bima, na kuna mahali inasema haihusiki na kujifungua, na pengine inasema ukiwa umetoa habari za uongo haihusiki na chochote. Nilimwambia Javan akacheka, akasema hakuna mtu husoma hizo vitu. Sasa nauliza, niende ama nikatae? Nikikataa atasema nimemnyima mtoto maisha. Na huyu Mama Jeconia nimfanye nini? Nambari yangu iko hapo chini, tafadhali usiichapishe.

Ni mimi Ayoo, Kimumu.

MAMA CIRU ANAJIBU

Ayoo, barua yako sikuimaliza mara ya kwanza. Nilifika kwenye vinyota nikatafuta simu.

Wewe umeandika ukurasa mzima juu ya aibu, ngoma na majirani kwa geti, halafu kile kitu kinachoweza kukuua ukakipitisha katikati ya sentensi ya kushona koti, ukakiita hasira! Mwanamke mwenye mimba kubwa, kichwa kinauma hakisikii dawa, macho yanaona vinyota, miguu imefura. Mama yeyote anayesoma hapa akikiona kwake au kwa binti yake, aache kusoma aende hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku, hata kama ni Jumapili. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba. Inapanda kimya kimya, inaleta kifafa, inaondoka na mama na mtoto pamoja. Gazeti hili hutoka Jumamosi na presha haina habari na Jumamosi yetu.

Ndiyo maana nilikupigia, na kwa kuwa umeniruhusu, wacha wasomaji wasikie ulivyonijibu. Ulisema, "Mama Ciru, ni kidogo tu, wacha nimalize hii mkono moja." Mkono wa koti! Nikakuuliza nani yuko karibu nawe. Ukasema hakuna mtu, ni Mama Jeconia tu yuko kwa mlango na uji. Nikakuambia umpe simu. Ukaanza, "Lakini mimi na yeye hatuongei..." Nikakufokea, na sitaomba msamaha kwa hilo. Ukampa.

Nilimweleza maneno matatu tu. Akasema, "Nimeskia, madam," na simu ikakatika.

Sasa wakati umelala huko ulikolala, nijibu uliyoniuliza. Hutaenda. Si Jumamosi hii, si kwa kupitia Nairobi, si kwa koti. Yale mashirika ya ndege hayaulizi miezi kwa sababu ya umbea. Mengi yanataka barua ya daktari kuanzia karibu wiki ya ishirini na nane, na ikikaribia mwezi wa tisa mengi hayakubebi kabisa, kwa sababu juu ya bahari hakuna leba, hakuna damu ya kukuongezea, na mashine iliyomlinda Okeyo haimo kwenye ndege. Mtoto wako wa kwanza hakungoja siku zake, wewe ulidhani wa pili atangoja mtue?

Na hiyo bima uliisoma sawasawa, bora kuliko aliyeijaza. Bima nyingi za safari hulipa matatizo ya mimba mpaka wiki fulani tu, na kujifungua kwenyewe mara nyingi hazigusi, na kitoto kikizaliwa njiani huenda hakimo kabisa kwenye karatasi zao. Hapo nazungumzia mtu aliyesema ukweli. Aliyejibu hapana hana bima, ana karatasi. Hospitali za ng'ambo zingewaletea hesabu ambayo Javan angeitunzia wazee mpaka yeye mwenyewe awe mzee. Anayetaka kusafiri na mimba apige simu kwa kampuni ya bima kwanza, aseme wiki zake za kweli, aseme na mtoto aliyewahi kuja mapema, na aulize waziwazi mnalipa nini na hamlipi nini. Wakisema hawalipi, basi umejua ukiwa bado nyumbani.

Wewe pia, Ayoo, usidhani nimekusahau kwa sababu u mgonjwa. Ulijua barua ni ya uongo ukaibeba. Ulijua nesi wako amekataa kwa sababu anakujua, ukamwamini mtu wa Turbo ambaye amepima tumbo lako kwa simu. Kisha ukakaa kwenye cherehani ukaanza kumshonea mwanao nguo ya kumficha. Nakuonea huruma sana, kukaa peke yako na mimba na mume wa kwenye simu si mchezo, lakini wewe ni mama ya mtu tayari na una mdomo. Neno "siendi" ni fupi na halihitaji viza.

Na wewe Javan, najua utatumiwa picha ya ukurasa huu, kwa hivyo simama usome. Kutaka mtoto wako aishi vizuri si kosa. Kosa ni kwamba katika mipango yako yote, mke wako amekuwa begi la kubebea paspoti. Umeuliza viza, umeuliza tiketi, umeuliza koti. Hukuuliza kichwa chake. Kule unakofanya kazi, mzee mmoja akikuambia anaona vinyota unakimbia kumwita nesi, sivyo? Basi mkeo anastahili angalau hizo mbio. Piga simu kwa shirika la ndege uombe tiketi isogezwe, wafutie hao wa bima uongo wako, na mtoto akishakuwa na nguvu na daktari amekubali, walete wote kwa njia iliyonyooka. Kuzaliwa Eldoret hakujamzuia mtu kufika mbali, wewe mwenyewe uko huko.

Sasa Mama Jeconia, ambaye umeuliza umfanye nini. Jana jioni alinipigia kutoka hospitalini. Hata kwenye simu ilibidi niiweke mbali na sikio. Alisema, "Madam, wamemlaza. Hiyo presha ilikuwa imepanda, daktari ameshtuka. Mtoto anapiga moyo poa. Wanasema tungengoja kesho, hangeweza kuongea." Halafu akasema daktari ameuliza mbona mgonjwa amekuja na koti kubwa hivyo, lenye mkono mmoja.

Fanya hivi, Ayoo. Kaa hapo kitandani mpaka daktari, si Javan, aseme utoke. Simu yako mpe Mama Jeconia aishike, Javan akipiga aongee naye, tuone nani atapiga kelele kumshinda nani. Uji akileta, kunywa. Na akisema muiname muombe, usimwambie aombe kimoyomoyo. Mwache aombe kwa sauti yake yote, wodi nzima isikie huyo mtoto ana miezi mingapi.