Mchanga Alioutaja Philipo

Doha, 9 Novemba 2011

Mpendwa Baba,

Mulembe. Natumaini u mzima huko Kimilili na macho yamepunguza kuwasha. Sisi hatujambo. Mkweo Collins anakusalimu, na mjukuu wako Michelle anauliza kama yule ng'ombe mweusi amezaa.

Juzi ilikuwa Idi ya kuchinja. Hadijah, muuguzi mwenzangu wa Jinja, alitualika pilau kwake, tukala hadi Collins akalegeza mshipi. Kisha Hadijah akasema, "Nyie watu wa shamba, leo nawapeleka mahali." Tuliendesha karibu saa nzima. Mji ukaisha, miti ikaisha, mbele vikasimama vilima vya mchanga vyenye pembe mbili, sawasawa na ulivyokuwa ukivichora ubaoni. Baba, nilishindwa kushuka garini. Nilikuwa nakuwaza wewe uliyevichora miaka thelathini bila kuviona.

Na hilo bado si kubwa. Tulipanda kileleni, tukakaa kitako, tukateleza, na mchanga ukaanza kuimba. Sina neno jingine. Ulinguruma chini yetu kama mashine ya posho ikisaga mahindi ng'ambo ya mto, na tulipotulia nao ukanyamaza. Michelle alinishika mkono akaniuliza nani yuko ndani. Hadi leo naogopa na kufurahi kwa pamoja.

Binti yako,
Nasimiyu

Kimilili, 4 Desemba 2011

Kwako Nasimiyu, mama,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa macho. Ng'ombe amezaa dume, mwambie Michelle.

Barua yako nimeisoma mara nne kwa lenzi. Naomba majibu kamili, si ya juujuu. Upepo ulitoka upande gani? Sauti ilidumu muda gani? Mtu akitembea polepole, inasikika?

Nina sababu. Mwaka 1987, darasa la sita, Philipo Wekesa alinyoosha mkono akasema mjomba wake, mpishi wa meli, alisikia mchanga wa jangwani ukiimba. Nilimwita mbele atuimbie kama huo mchanga. Akaimba, maskini, akinguruma kwa koo, darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo anaitwa Mchanga. Sasa ni mtu mzima, anatengeneza baiskeli pale sokoni, na wanawe wanaitwa watoto wa Mchanga. Nikipita huniamkia kwa heshima, nami naona haya.

Nataka kumwomba radhi. Lakini mwalimu hasahihishi jambo ambalo hajalithibitisha. Nataka kuusikia mwenyewe, na kuviona hivyo vilima kabla giza halijanifunika. Daktari anasema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia linaona kama kupitia tundu la ufunguo.

Baba yako,
Mwalimu Silvesta

Doha, 2 Januari 2012

Mpendwa Baba,

Heri ya mwaka mpya. Tumeupokea salama, ni mafua tu ya Michelle.

Krismasi iliangukia Jumapili, na Jumapili hapa ni siku ya kazi, kwa hiyo nilivaa sare nikaenda zamu. Sisi tulisherehekea Ijumaa iliyotangulia. Makanisa yote yako Abu Hamour ndani ya ukuta mmoja, nje huoni msalaba wala husikii kengele. Lakini ingia ndani, Baba. Wafilipino huku, Wahindi kule, Waethiopia na mashuka yao meupe, kila kundi na lugha yake, saa ile ile. Nilisimama uani nikasikia nyimbo kama kumi zikipanda pamoja. Nyumbani nilipika chapati za watu sita, wakaja kumi na tisa.

Majibu yako: upepo wa kaskazini magharibi, sauti kama nusu dakika, ukitembea polepole hausikii kitu. Kuhusu kuja, likizo ya Collins ni Desemba, na kabla ya hapo joto la huku litakuumiza. Njoo Krismasi ijayo. Tumia matone yako, macho yatasubiri. Na ukimwona Philipo, mwambie ule mchanga upo.

Binti yako,
Nasimiyu

Kimilili, 15 Julai 2012

Nasimiyu, mama,

Hatujambo, mvua ni nzuri. Usishangae mwandiko. Jicho la kulia lilizimika mwezi wa tano, na sikutaka uambiwe kwa simu.

Nilitamani sana kuzisikia tena barua zako. Siku moja nikamwomba mtu aliyekuwa akinirudishia baiskeli anisomee, na mtu huyo ni Philipo. Alisoma ile ya Idi, akasoma ya Krismasi, akafika kwenye jina lake akausoma mstari ule mara mbili. Akasema, "Kumbe mjomba hakunidanganya." Basi. Siku hizi huja kila Jumamosi kunisomea gazeti, na hata barua hii anaiandika yeye. Haya maneno yanapita mkononi mwake, na bado ile radhi sijamwomba.

Safari muisahau. Sina tena macho ya kuleta huko.

Baba yako,
Mwalimu Silvesta

Doha, 3 Agosti 2012

Baba,

Pole sana. Mimi ndiye muuguzi niliyekuambia macho yatasubiri. Nimelia zamu nzima, nisamehe.

Lakini kuisahau safari sikubali. Hata sisi wenye macho hatukuuona mchanga ukiimba, tuliusikia tu. Tiketi ni ya tarehe kumi na tano Desemba. Kaka Philipo, tafadhali mfikishe uwanja wa ndege, asikushinde kwa ubishi wake.

Binti yako,
Nasimiyu

Kimilili, 20 Januari 2013

Nasimiyu, mama,

Nilifika salama, na kahawa yenu ya iliki imekwisha, majirani wameimaliza.

Siku ile ya sherehe ya Taifa lao uliniuliza mbona nimekaa sana pale chini ya kilima. Jibu ni hili. Michelle alikuwa amenishika kiganja, akanipitisha kwenye pembe moja, kisha ya pili, nikajua kwamba miaka yote nilichora sawa. Halafu mkateleza kutoka juu. Mngurumo ulianzia nyayoni, ukapanda magotini, ukaingia kifuani, sikujua kama ni mimi ninayenguruma au ni nchi. Ndiyo maana nilikaa pale nikilia. Maisha yangu yote nimefundisha dunia, na sikuwa nimeijua.

Jana nilikwenda sokoni. Nilimwambia Philipo aweke spana chini, nikawaita wenye vibanda wote. Nikawaeleza kwamba mwaka 1987 mtu huyu alisema kweli nami nikamfanya kichekesho. Nikamwambia, "Nisamehe, Philipo." Kisha nikasimama katikati yao na fimbo yangu, nikaimba kama mchanga. Walicheka hadi jirani yake Jennifer akamwaga nyanya zake. Niliimba mpaka pumzi ikaniishia.

Baba yako,
Mwalimu Silvesta

Dada Nasimiyu, huyu ni mimi mwandishi. Mwalimu hajui kwamba naongeza haya. Mimi sikucheka. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na sauti ile niliitambua. Ndiyo niliyoimba mimi mbele ya darasa.

Philipo