Shuka, Mukubwa, Farasi Imechoka

Yaya Anselme, kaka yangu mkubwa,

Ninakuandikia kwa jina ulilobatizwa nalo, lile la Kizungu ambalo serikali ilitukataza kulitumia mbele ya watu. Mama hakuliacha hata siku moja. Alilitamka uani kwa sauti ileile ya zamani, jirani mwenye beji ya chama akiwa amesimama upande wa pili wa ua, akisikia. Barua hii ninaiacha wazi kwa sababu sina pa kukutumia. Pia kuna jambo moja ambalo watu wa Kisangani wanalijua vibaya kuhusu wewe, na mimi ndiye niliyewaacha walijue hivyo.

Wewe ulikuwa mdomo wa sinema yetu pale mtaa wa Makiso. Filamu zilikuja na Kifaransa chake, nyingine na Kihindi ambacho hakuna aliyekijua, nawe ulisimama upande wa kushoto wa pazia, kipaza sauti mkononi, ukatugeuzia yote kwa Kiswahili. Wakija wavuvi wa kule kwenye maporomoko, ulichanganya na Lingala ili nao wacheke pamoja na wengine. Sauti zote zilikuwa zako. Ulikuwa mzee mwenye kikohozi, ukawa mtoto, ukawa bibi harusi. Wamama wa Kabondo walisema bibi harusi wako analia vizuri kuliko yule wa kwenye pazia. Mimi, mdogo wako wa kike, nilikaa juu ya kreti ya bia karibu na goti lako, kwa sababu nilikuwa nasoma shule ya ualimu na Kifaransa changu kilikuwa kirefu kuliko chako. Neno likikushinda, ulishusha kipaza sauti kidogo, nikakunong'oneza, ukaendelea kana kwamba hukuwahi kusita.

Maneno yale tuliyasikia kwanza katika filamu ya wapanda farasi. Jenerali mmoja anawavusha askari wake jangwani, wote kwa miguu, yeye peke yake juu ya farasi. Askari aliyeshika hatamu anageuka na kumwambia neno. Kwa Kifaransa lilikuwa refu na la heshima. Wewe ulilikata: "Shuka, mukubwa. Farasi imechoka." Watu wakapiga makofi. Jenerali hakushuka. Farasi alianguka kabla ya kufika kisimani.

Baada ya miezi michache ikaja filamu ya Kihindi. Mtumishi mzee anamwambia tajiri wake kwamba ng'ombe wa mkokoteni wamechoka, ateremke. Ulinigusa bega kwa kiwiko. Tukalikuta neno lile tena katika filamu ya karate, mwanafunzi akimwambia mwalimu anayebebwa mgongoni, na tena katika filamu ya kuchekesha ya Wafaransa, dereva akimwambia komisari kuhusu gari bovu. Hapo ukanunua daftari. Ukaandika jina la kila filamu, nani anamwambia nani, mnyama ni yupi, na mwisho wa mstari kama mkubwa alishuka au hakushuka. Tulibishana jioni nzima kuhusu nani amemwibia nani. Mimi nilisema Wahindi ndio wa kwanza. Wewe ulisema hapana, mtu wa kwanza tulikuwa bado hatujamwona.

Katika daftari lile hakuna mkubwa aliyeshuka, ila mmoja. Huyo alishuka ili ampige punda.

Kwa ajili ya neno hilo moja tulipanda boti mpaka Yangambi. Mama alitufungia kwanga mbili, ile mikate ya muhogo, na samaki wa liboke aliyepikwa ndani ya majani, akauliza ni nani mgonjwa huko, maana hakuona sababu nyingine ya safari. Ulikuwa umesikia habari za Papa Likenge, fundi mzee ambaye zamani aliwaonyesha filamu watafiti wa kituo cha kilimo, na kwamba bado anahifadhi mikanda ya wakati filamu hazijaanza kusema. Tulimkuta karakanani, anatengeneza pampu. Alitusikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo peke yake lilitosha kunifanya nimpende. Akafunika madirisha kwa mikeka ingawa ilikuwa saa sita mchana, akaiwasha mashine yake ya zamani, picha ikatokea ukutani yenye madoa ya ukungu kama ngozi ya mgonjwa.

Ofisa mwenye masharubu juu ya farasi. Mtu mwembamba anamwongoza kwa miguu. Mtu yule akafungua mdomo, kisha picha ikakatika na maandishi yakajaa ukuta. Ukaniambia nisome. Nilisoma kwanza kwa Kifaransa, taratibu, halafu kwa maneno yako. Mkanda ukakatika palepale. Papa Likenge aliomba radhi, kipande cha mbele kililiwa na unyevu miaka mingi iliyopita. Ulimwuliza kama huyu ndiye wa kwanza. Mzee alifikiri, akifuta mikono kwa kitambaa.

"Miye sijue," alisema. "Lakini mwenye kuandika ile, alisikia kwa mutu. Kulikuwa mutu kweli, anashika farasi kweli, na alisema."

Njia nzima ya kurudi ulikaa mbele ya boti. Tulipoanza kuiona bandari ndipo uliponiambia, "Donc, basi, kuko mutu mwenye alisema kweli. Na hatujue kama walimufanya nini." Nilikuona mjinga kidogo, Yaya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilitaka tujue filamu, sikutaka kujua mtu.

Sasa nieleze ile Jumapili.

Kabla ya kila filamu walitulazimisha kuonyesha habari za taifa, na wewe ulikatazwa kuzifasiri. Ulisimama tu na kipaza sauti chako, umekishusha usawa wa paja bila kukizima, kwa sababu zikiisha tu ulipaswa kuanza mara moja. Mchana ule ukumbi ulijaa, watu wametoka misa, wamevaa vizuri. Habari zikamwonyesha mkubwa mmoja wa chama akizuru mkoa wa mbali. Wamemkalisha katika tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, na wanaume wanane wanampandisha kilima. Kamera ikakaa juu ya uso wa mbebaji mmoja wa mbele. Shingo yake ilikuwa imepinda. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kujifuta. Muziki wa furaha ulipigwa.

Nilikuinamia. Nilitaka kukuchekesha, hakuna zaidi ya hapo. Nilisema taratibu, karibu na paja lako, "Shuka, mukubwa. Farasi imechoka."

Sauti yangu ikatoka kwenye spika zote mbili.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, na ukumbi mzima ukalipuka. Watu walipiga viti, wamama walijifunika midomo kwa vitambaa, mwanamume mmoja alikuwa akilia kwa kicheko. Sijawahi kusikia mji wetu ukicheka vile, wala kabla wala baadaye. Ulinitazama. Taa zikawashwa na vijana wa chama wakaja mbele, watano, pamoja na mtu mwenye abakosti ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, ambaye hakuwa kijana. Huyo ndiye aliyeuliza ni nani amesema. Alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi.

"Ni miye," ulisema.

Akakujibu kwamba ile ilikuwa sauti ya mwanamke.

Nawe, Yaya, ukainua kipaza sauti ukarudia maneno yangu kwa sauti ya bibi harusi wako, nyembamba, yenye kunong'ona, na ikafanana kabisa. Hakuna aliyecheka mara hii. Kisha ukasema kwa sauti yako mwenyewe, "Bon, hii njo kazi yangu. Wanawake wote wa hapa ni miye."

Walikutoa kwa mlango wa pembeni. Nilibaki juu ya kreti. Nilikuwa na muda wa kusimama, nataka ujue kwamba ninalijua hilo. Toka kwenye pazia mpaka kwenye mlango ule ni hatua ishirini hivi, na ulitembea pole. Labda uliniachia nafasi, labda uliniomba nisiitumie. Nimejiuliza kwa miaka yote hii na kila jibu linanishtaki.

Nilianza kukutafuta kesho yake. Katika ofisi ya kwanza ya usalama walisema uko pale, nilete chakula. Nilileta wali na pondu ya majani ya muhogo, wakapokea sahani. Siku ya nne waliirudisha sahani haijaguswa na kuniambia umehamishwa. Mfagiaji mmoja alininong'oneza kwamba kuna watu waliopelekwa uwanja wa ndege wa Simi-Simi asubuhi, wamefungwa macho, na mmoja alikuwa mrefu kama wewe. Nilikwenda Simi-Simi. Nilisimama kwenye majani mpaka mvua ikanyesha. Nilipoandika barua Kinshasa, jibu lilikuja baada ya mwaka: mtu wa jina hilo hajulikani. Niliandika tena kwa jina lile jipya ulilopewa na serikali, halafu kwa la ubatizo, halafu kwa la babu. Hakuna hata mmoja wenu aliyejulikana.

Daftari lako nililichoma wiki ile ya kwanza, kwa kuogopa msako. Msako haukuja.

Mama aliishi miaka kumi na moja baada yako. Watu walimwambia kwamba mtoto wake alikuwa shujaa, kwamba alimtukana mkubwa mbele ya ukumbi mzima, na walimwambia kwa kunong'ona, kwa heshima, wakimletea samaki. Yeye hakukubali. Alisema, "Anselme haiko mutu wa kutukana." Alilirudia hilo mpaka mwisho. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliniuliza mara moja, nikiwa namwosha miguu, kama kweli wewe ndiye uliyesema. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, mwanamke mzima mwenye watoto wake. Nikamwambia ndiyo, ni yeye, nilikuwepo. Aligeuza uso upande wa ukuta. Hakuniuliza tena, na baada ya siku sita hakuwepo.

Ulikuwa sahihi kuhusu jambo moja: neno linatembea. Sasa kuna vyumba vya video kila mtaa, na mwaka huu nimelisikia tena katika filamu mbili, moja ya maharamia, nyingine sikuelewa hata inahusu nini. Vijana wanalitumia sokoni wakimwona mtu mnene juu ya baiskeli ya kukodi. Wanalisema kama ulivyolikata wewe, kwa Kiswahili chako, na hawakujui. Nilimsimamisha mmoja nikamwuliza amelitoa wapi. Akasema, "Mama, ile ni ya filamu." Nikamwacha aende.

Sababu ya kukuandikia leo ni hii. Kiwanja cha nyumba ya Mama kiko bado kwa jina lako kama mtoto wa kwanza, na ofisi ya komuni, serikali ya mtaa wetu, inataka kukiandika upya. Wanataka cheti chako cha kifo. Nilikataa miaka mitatu. Jumatatu nilikwenda. Karani alikuwa mpole, kijana mwenye maandishi mazuri, pengine nilimfundisha. Alijaza jina, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Alipofika penye sababu ya kifo akainua kalamu akaningoja.

Hapakuwa na mtu wa chama ndani ya chumba kile. Dirisha lilikuwa wazi, nje mtu anauza mkate. Hakuna ambaye angenigusa.

Nilinyamaza. Karani alisubiri kwa adabu, halafu, ili kunisaidia, akaandika "ugonjwa" na kunigeuzia karatasi. Nikatia sahihi.

Sikuombi unisamehe, Yaya. Kusamehe ni kazi ya mtu aliyepo, nami Jumatatu nimekutoa kati ya waliopo kwa mkono wangu. Kama umelala mahali, ulale. Kama hukulazwa popote, basi udongo wote wa nchi hii uwe mwepesi juu yako.

Ni mimi, mdogo wako, niliyesema.