Laptopu Haiwaki Bila Diski Yangu

Shikamoo Mama Pelagia. Nisaidie, maana siku hizi hata kanisani nakaa benchi la nyuma.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Musoma, si mwongeaji, na ndiyo maana mwalimu wa kompyuta aliniambia, "Binti, funguo ya maabara ikae kwako, wewe huna mambo mengi." Nyumbani hatuna kompyuta, nami nilisoma kwamba mtu anaweza kuweka mfumo endeshi wake kwenye diski ya nje, akaichomeka kwenye kompyuta yoyote na kukuta kazi zake zote, basi nikaazima diski ya mjomba, nikajaribu kwenye laptopu ya mwalimu wakati wa michezo bila kumwomba, na ilipouliza programu ya kuwashia iwekwe wapi sikusoma, mimi ninayesoma kila kitu, nikabonyeza endelea, ikajiweka ndani ya laptopu badala ya kwenye diski. Tangu hapo laptopu huitafuta diski kwanza ndipo iwake, na nilipoichomoa ikagoma, kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi.

Kesho yake mwalimu akamshika mwenzetu, nimwite Maige, kwa kuwa anapenda magemu. Darasa likamcheka, "Fundi, leo umeiua." Akasema, "Nilikuwaga nacheza kwenye zile za wanafunzi tu, ya mwalimu sijaigusa." Akaniangalia mimi mwenye funguo, nami nikaangalia daftari. Amerudishwa kwao Kiriba mpaka aje na mzazi, na nasikia baba yake amemwambia shule basi, sasa anaanika dagaa.

Jumanne nilichomeka diski tena, laptopu ikawaka, alama za kidato cha nne zote zimo, kisha nikasikia viatu vya mwalimu, nikazima, nikachomoa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lote. Nifanye nini?

Mwenye diski, Kamunyonge

Marahaba, binti. Pole. Kutaka kujifunza hakuna ubaya, na kompyuta hiyo si ya kwanza kugoma mkononi mwa mwanafunzi. Lakini Jumanne ulikuwa na dawa mkononi ukairudisha mfukoni, huku mwenzako anageuza dagaa juani. Hilo usiliite uoga tu.

Nenda kwa mwalimu kesho kabla ya paredi, na diski. Ichomeke, laptopu iwake, anakili faili zake kwanza, kisha fundi arekebishe hiyo programu. Usithubutu kuitengeneza kimyakimya. Ikipona kwa siri, Maige atabaki mwenye kosa. Rudisha funguo kabla hujaombwa, na adhabu ikija, ipokee.

Kisha umwombe mwalimu mwende pamoja Kiriba, baba yake Maige asikie kutoka kwako. Huko usipeleke barua. Unaandika vizuri, ndiyo maana nakukataza. Simama mbele yake useme kwa kinywa chako.