Siku Kumi na Nne za Mchicha

Jumatatu, 4 Machi
Vidukari tena. Nimegeuza jani la mchicha — wamejazana chini yake, sisimizi wanapanda na kushuka. Majani yamejikunja. Maji ya sabuni nimepuliza mara tatu, majivu nimenyunyiza, wapi! Na Mama mkwe keshawatangazia majirani kwamba mboga za mkamwana wake hazijui dawa. Sifa hizo nimezipenda mno. Sasa nitasemaje nimeshindwa?

Jumatano, 6 Machi
Nimenunua dawa. Muuzaji alirudia mara mbili: usichume kabla ya siku kumi na nne. Nimepuliza alfajiri, Mama mkwe kalala. Kichwa kiliniuma hadi kazini. Sijamwambia mtu. Tutakula kabichi, nitasema mchicha bado mchanga.

Ijumaa, 8 Machi
Wamekufa wote, wamekauka kwenye majani. Nilifurahi. Kisha nikaona nyuki wawili chini, nao wamekufa, nikaogopa. Mama mkwe alikuja kusimama mlangoni: umependeza huo, tuchume? Nikamwambia ngoja unenepe.

Jumapili, 10 Machi
Nimerudi kutoka sokoni, tuta la mchicha tupu. Lote!

Mama mkwe anasema aliuchuma asubuhi, akampelekea wifi, akampikia hukohuko. Wifi ana mimba ya miezi minane, daktari kamwambia ale mboga za majani kwa wingi. Anasema hawezi kumlisha mwanawe mboga za sokoni zilizojaa madawa, wakati za nyumbani zipo, safi.

Nikakaa palepale kwenye udongo. Nikamwambia yote. Nilidhani atanitukana. Aliniuliza tu zimebaki siku ngapi.

Kumi, Mama.

Akaingia ndani kuvaa viatu. Mimi nikampigia wifi. Mara ya kwanza hakupokea. Ya pili hakupokea. Ya tatu akapokea, na kabla sijafungua mdomo akanishukuru. Mchicha mtamu, ameumaliza wote. Ila tumbo linamvuta tangu adhuhuri, anadhani ni mtoto anajinyoosha. Nikamnyooshea Mama mkwe simu. Naogopa, Mungu wangu, naogopa.

Mama mkwe akaichukua. Akamwambia ajiandae, tunampitia kwenda hospitali sasa hivi. Wifi akauliza kuna nini. Mama akanitazama, akasema mkamwana anakuja, atakueleza mwenyewe.

Naandika tukingoja gari. Mama amekaa mbele yangu. Gari hilo linapiga honi.