Ubeti wa Tatu wa Aryemo

Jumanne, 9 Agosti 2011

Bi Nantume, mchapishaji, kapiga simu kutoka Kampala. Kitabu changu kitachapwa mwisho wa mwezi — nyimbo arobaini na moja za Waacholi, kwa ajili ya shule zetu. Miaka ishirini ya kuzunguka vijijini, zeze begani. Alikuwa na swali moja tu: wimbo wa kupalilia ufuta, mtunzi aandikwe nani? Redioni husemwa ni wangu.

Nimesema nitamjibu.

Jumatano, 10 Agosti

Mtunzi ni Aryemo. Jina hilo naliandika hapa kwa sababu sijawahi kuliandika popote. Aliutunga shambani, mwaka wa pili wa ndoa yetu. Mimi niliupigia zeze tu. Siku mtangazaji aliponisifu kwa wimbo huo, nilinyamaza. Aryemo alikuwa kaketi karibu na redio, anasaga karanga. Baada ya mavuno akarudi kwao Kitgum. Miaka kumi na mitano sasa.

Wanafunzi wangu wamekuwa walimu, na wao wanaufundisha. Mimi kila nikiupiga namsikia yeye — ile sauti yenye vumbi la shamba.

Alhamisi, 11 Agosti

Dada yangu Amony kaniletea mboga za malakwang. Nikamweleza, na kwamba nakwenda Kitgum. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Kaka, jina lake si utaliandika hapa hapa Gulu? Kitgum unafuata nini?"

"Ruhusa."

"Ruhusa! Sema umemkumbuka mke wako, tule mboga zisipoe."

Tukala. Jioni nimepiga shati pasi.

Jumamosi, 13 Agosti

Kitgum. Nimemkuta uani kwake anafundisha watoto wa kwaya. Mvi zimemjaa. Kaniletea kigoda, kama anavyoletewa mgeni yeyote. Hilo limeniuma kuliko tusi.

Nimesema yote. Kwamba nilinyamaza. Kwamba kitabuni litakuwa jina lake, na kwamba redioni nitakwenda mwenyewe kusema.

"Ulichelewa wapi, Ocitti?"

"Niliona haya."

"Haya ya miaka kumi na mitano." Akatikisa kichwa. "Na huo wimbo wako una beti mbili. Wa tatu niliutunga huku, peke yangu."

Nikaomba kuusikia. Akasema kwanza amalize somo la watoto. Nikitaka nisubiri, nisipotaka, basi la mwisho linaondoka saa kumi.

Ni saa kumi na robo. Niko kwenye kigoda, naandikia gotini. Watoto wamemaliza ubeti wa pili — ufuta umechanua, mwenye shamba yu wapi — wakanyamaza. Wao wanaujua hadi hapo tu. Aryemo kasimama kati yao, kanipa mgongo. Anasafisha koo. Anaanza taratibu, ile ile sauti, na neno la kwanza ni jina langu —